Kimya, hadharani au chini ya fundi: ulinganisho wa njia 3 za kuanza lengo unaloliogopa

Mombasa imejaa watu wanaolijua lengo lao kwa miaka na bado hawajaligusa. Mama wa Majengo anayewapikia majirani mahamri anataka kupokea oda za harusi. Kijana wa Likoni aliyeacha shule kidato cha tatu anataka kufanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, kama mtahiniwa wa kibinafsi. Karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, anayeyajua makaratasi ya forodha kuliko bosi wake, anataka kufungua ofisi yake mwenyewe. Ukiwauliza kinachowazuia watataja pesa kwanza, na pesa ni ngumu kweli. Ukikaa nao zaidi, maneno mengine hutoka: "Nikishindwa je?" "Watu watasemaje?" "Mimi ni nani hata nifanye hilo?"

Ushauri wanaopewa hupingana. Mmoja huwaambia wanyamaze wafanye kazi, maana simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Wa pili huwaambia wamtangazie kila mtu, ili aibu ya kurudi nyuma iwasukume mbele. Wa tatu huwaambia wamtafute aliyekwisha kupita njia hiyo wakakae chini yake. Njia zote tatu zimewatoa watu walipokwama, na zote tatu zimewakwamisha wengine. Kwa hivyo nimeziweka pamoja hapa, kwa vipimo vilevile, ili aliyekwama aone ipi inamhusu.

Vipimo nilivyotumia

*Aina ya hofu.* Hiki nakitanguliza kwa sababu njia nzuri ikitumiwa kwa hofu isiyo yake humuumiza mtu. Hofu za kuanza hufanana kwa nje, maana katika zote mtu haanzi, lakini kwa ndani naziona tatu. Kuna hofu ya hasara: kupoteza akiba, muda, au kazi uliyonayo. Kuna hofu ya watu: kuchekwa, kuonewa kijicho, kuambiwa umejipandisha. Na kuna shaka ya nafsi: kuamini kwamba huna uwezo, au kwamba hata pale ulipofanikiwa ulibahatisha tu.

Ili uitambue yako, jiulize maswali mawili na ujijibu kwa ukweli. Lau ningehakikishiwa kwamba hakuna atakayejua mpaka nifaulu, ningeanza kesho? Ukijibu ndiyo, unachoogopa ni watu. Lau ningehakikishiwa kurudishiwa kila shilingi nikikosa, ningeanza kesho? Ukijibu ndiyo, unachoogopa ni hasara. Ukijibu la kwa yote mawili, ukaona bado mikono imelegea, basi ni shaka: hujiamini, au hujui pa kuanzia, na mara nyingi yote mawili kwa pamoja. Hofu ya hasara isikutie aibu. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu zaidi kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyomfurahisha. Anayeogopa kuigusa akiba yake ya shilingi elfu tano si mwoga kuliko wengine. Ndivyo binadamu alivyo.

*Chanzo cha imani.* Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu kuwa "hili naliweza" hutoka sehemu nne: kulifanya jambo lenyewe likawezekana, kumwona mtu kama wewe akilifanya, kuambiwa na mtu unayemwamini kwamba unaweza, na jinsi unavyouelewa mwili wako unapotetemeka. Ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kila njia kati ya hizi tatu huchota sehemu tofauti.

*Gharama.* Nahesabu pesa, muda na uso. Uso nauhesabu sawa na pesa, kwa sababu mtaani kwetu jina la mtu ndilo linalompa deni dukani na ndilo linalompa mchumba kwa wazazi.

*Siku ya kuteleza.* Kila lengo lina siku ambayo mpango unavunjika: unga umechachuka, mtoto kaumwa, umefeli zoezi la hesabu ulilodhani umelielewa. Nakipa kipimo hiki uzito kuliko vyote. Siku njema haihitaji njia yoyote.

Njia ya kwanza: kimya na daftari

Unalipunguza lengo mpaka hatua ya kwanza iwe ndogo sana. Unaiandika, unaifanya, kisha unaandika kilichotokea. Humwambii mtu. Mama wa mahamri haanzi na harusi ya watu mia nne. Anapokea oda moja ya hitima ya nyumba ya jirani, anaandika unga, sukari, nazi, iliki, mafuta, saa alizosimama jikoni na kilichobaki mfukoni. Kwa jirani hiyo ni oda tu. Yeye peke yake ndiye anayejua kwamba ni jaribio.

Hapa pwani tuna kipindi cha majaribio ambacho sioni watu wakikitumia vya kutosha, nacho ni Ramadhani. Alasiri zote mwezi huo nyumba nyingi huweka meza mlangoni: kaimati, sambusa, viazi karai, bajia. Mwezi una mwanzo na mwisho unaojulikana. Ukiuza siku zote hizo kisha Idi ikafika ukaacha, hakuna atakayekuuliza kwa nini umeacha, kwa sababu kila mtu ameacha. Mwenye ndoto ya biashara ya chakula anaweza kupima bei, mkono wake na soko lake kwa mwezi mzima bila mtaa kujua kwamba anajipima.

Mpango wenyewe uandikwe kwa sura ya "ikiwa hivi, basi vile". Kijana wa Likoni asiandike "nitasoma kwa bidii". Aandike: "Nikishamaliza chai ya asubuhi, kabla sijashika simu, nitafanya maswali mawili ya hesabu." Wanasaikolojia Peter Gollwitzer na Paschal Sheeran walikusanya tafiti 94 kuhusu mipango ya sura hiyo, wakachapisha matokeo mwaka 2006, na ilionekana kwamba inawasaidia watu kufikia malengo kwa kiasi kinachoonekana wazi. Sababu yake ni nyepesi kuieleza: saa ikifika, uamuzi umeshafanywa, na shaka haipewi nafasi ya kuanza kuzungumza nawe.

*Hofu inayoigusa.* Hofu ya watu, moja kwa moja, kwa sababu hakuna watazamaji. Hofu ya hasara pia, mradi hatua ziwe ndogo kwelikweli na pesa iwe yako. Usianze jaribio la kimya kwa mkopo. Hata mkopo wa Hustler Fund, mfuko wa serikali ya Kenya uliozinduliwa Novemba 2022 na unaoanzia shilingi 500, hulipwa kwa siku 14, na siku hizo zitakufanya uwaze deni badala ya kuwaza kazi. Kwa shaka ya nafsi njia hii inasaidia nusu tu. Inakupa ushahidi wa mikono yako mwenyewe, ambao ndio chanzo chenye nguvu, lakini aliye peke yake na kosa lake anaweza kulirudia mwaka mzima asijue kwamba ni kosa.

*Gharama.* Pesa kidogo, uso hakuna. Inakula muda, nayo ina upweke ambao wengine hawauwezi.

*Siku ya kuteleza.* Unaanguka bila kuonekana, na hilo ni faraja. Tatizo ni kwamba unaweza pia kuacha bila kuonekana. Malengo mengi ya siri hayashindwi. Huahirishwa tu, Jumatatu hadi Jumatatu, kabla ya Ramadhani hadi baada ya Idi, Disemba hadi Januari, mpaka mwenyewe anasahau kwamba aliyataka. Wengi wetu hapa huficha mipango kwa kuogopa husuda, nami siwezi kumwambia mtu kwamba kijicho hakipo. Lakini nawaomba wanaoficha wajiulize kama wanajikinga na jicho la hasidi au wanajikinga na swali la "umefikia wapi?" Ni mambo mawili tofauti.

*Inamfaa nani.* Anayeogopa macho ya watu, aliyewahi kuchekwa akaumia, anayeishi na watu wanaomvunja moyo, na yule ambaye hata hajajua kama lengo lenyewe analipenda. Haimfai anayejijua kwamba huahirisha.

Njia ya pili: mbele ya watu

Hapa kuna mambo mawili ambayo huchanganywa, na mchanganyiko huo umewaumiza wengi. La kwanza ni kutangaza nia: kuandika kwenye status ya WhatsApp kwamba mwaka huu nafungua duka, au kuwaambia wenzako wote wa maskani. La pili ni kutoa hesabu: kuwa na mtu mmoja au kikundi kidogo kinachokuuliza kila wiki umefanya nini.

Mwaka 2009 Gollwitzer na wenzake walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi wenye hamu ya kuwa watu wa fani fulani, wakiwemo wanafunzi wa sheria. Wale ambao nia yao ilisomwa na kutambuliwa na mtu mwingine hawakujibidiisha kama wale ambao nia yao haikumfikia yeyote. Kutambuliwa kuliwapa hisia kwamba wameshaanza kuwa vile wanavyotaka. Ukisimama hapo utasema kimya ndicho bora. Lakini mwaka 2016 Benjamin Harkin na wenzake walikusanya tafiti 138 kuhusu kufuatilia maendeleo ya lengo, wakaona kwamba kufuatilia huwasaidia watu kufika, na husaidia zaidi matokeo yanapoandikwa au yanaporipotiwa mbele ya wengine. Tafiti hizi hazigombani. Za mwanzo zinahusu kusema utakachokuwa; za pili zinahusu kusema ulichofanya.

Wanachama wa vyama vya akiba wameishi na tofauti hii miaka yote. Katika chama hakuna anayeulizwa ndoto yake. Anaulizwa mchango wake, unahesabiwa mbele ya wote na kuandikwa. Ukitaka kikundi cha malengo, iga hapo. Watu watatu au wanne wanatosha, siku moja ya wiki isiyobadilika, Ijumaa baada ya alasiri au Jumapili baada ya ibada, na kila mmoja hujibu mambo matatu: nilisema nitafanya nini, nimefanya nini, wiki ijayo nitafanya nini. Ushauri hutolewa kwa anayeuomba. Bila sharti hilo kikao hugeuka mahakama ya mtu mmoja.

*Hofu inayoigusa.* Hofu ya hasara huipunguza kidogo, kwa sababu wenzako huona hatari ambayo wewe umeikuza, na huona pia ile uliyoifumbia macho. Kwa hofu ya watu inaweza kuwa dawa au sumu, kutegemea kipimo. Joseph Wolpe, daktari wa akili wa Afrika Kusini, alieleza mwaka 1958 namna ya kutibu hofu kwa kupanda ngazi: mtu hukutana kwanza na kile kinachomwogopesha kidogo, akishatulia ndipo asogee kwenye kikubwa zaidi. Kwa lengo lako ngazi hiyo ni mtu mmoja unayemwamini, kisha wawili, kisha kikundi, kisha wateja usiowajua. Anayeanza na maskani nzima amerukia kipandio cha juu kabisa, na akidondoka hapo hujiambia kwamba yeye ni mwoga. Hapana, ngazi ndiyo iliyopandwa vibaya.

*Gharama.* Pesa hakuna. Muda kidogo. Uso, sana. Ushauri wa "mtangazie kila mtu" huja kutoka miji ambako majirani hawajuani. Kwetu, habari iliyosemwa Kibokoni baada ya adhuhuri huwa imefika Kisauni kabla ya magharibi, na haimtaji mtu kwa jina lake tu, humtaja "mtoto wa fulani". Mwanamke aliyetangaza biashara ikafa ataulizwa habari zake katika kila harusi kwa miaka miwili. Hiyo ni gharama halisi na ana haki ya kuihesabu.

Kuna watu, hata hivyo, ambao huwezi kuwaficha: wale unaoishi nao, ambao muda wako na pesa yako ni haki yao pia. Hao waambie, hata ukiwa umechagua kimya kwa wengine wote, na namna ya kuwaambia ina uzito. Anayeingia kwa mzazi na "nimeamua" hupata upinzani ambao hakustahili. Anayeingia na "Shikamoo, mjomba. Nina jambo langu, naomba unisikilize mpaka mwisho kisha unipe rai yako" huwa ameacha nafasi ya mkubwa kuwa mkubwa. Hata mjomba akisema "Mwanangu, hilo utaliweza kweli?", hilo ni swali, na swali linaweza kujibiwa kwa daftari.

*Siku ya kuteleza.* Kikundi kizuri hukuuliza bila kukucheka, na kuulizwa peke yake hukurudisha kazini. Kikundi kibaya kina sura mbili. Ya kwanza ni kicheko, na hiyo kila mtu anaijua. Ya pili ni huruma iliyopita kiasi: "Pole, mwenzangu, pengine si riziki yako." Maneno hayo husemwa kwa upole na kwa mapenzi, na yamefunga milango mingi kuliko matusi. Ukimsikia mwenzako akiambiwa hivyo wiki ya tatu ya kazi ya mwaka mzima, mtetee.

*Inamfaa nani.* Anayeahirisha, anayefanya vizuri akisubiriwa, na aliyekwisha kuanza ila anapungua kasi. Haimfai ambaye jeraha lake la kuchekwa bado ni bichi, wala ambaye lengo lake ni changa kiasi kwamba neno moja la mtu linaweza kuliua.

Njia ya tatu: chini ya fundi au somo

Njia hii ni ya kale kwetu kuliko hizo mbili. Mwanagenzi hukaa na fundi, msichana hukaa na somo wake, yaani kungwi anayemfunda. Kitu muhimu anachopewa huko, kuliko hata ujuzi, ni kumwona mtu wa damu na nyama, anayefanana naye, akifanya jambo ambalo yeye analiona haliwezekani. Hicho ni chanzo cha pili katika orodha ya Bandura, na fundi akikwambia "hili utaliweza" umepata cha tatu, maana neno la anayeijua kazi lina uzito kuliko sifa za rafiki.

*Hofu inayoigusa.* Shaka ya nafsi, kuliko njia nyingine yoyote. Mchukue yule karani wa mizigo. Kazi anaijua, kwa hivyo daftari la kimya halitamwambia jipya. Wateja wanamsifu, na yeye anaona wamekosea. Wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliieleza hali hii mwaka 1978 baada ya kuwasikiliza wanawake waliofaulu sana katika masomo na kazi na bado wakaamini kwamba wamewadanganya watu, na siku moja watagunduliwa. Mtu wa namna hii haponi kwa ushahidi zaidi, kwa sababu kila ushahidi anaupa jina la bahati. Anahitaji kumsikia mwenye ofisi yake akisema, "Nami nilihisi hivyo siku niliyopeleka maombi ya leseni ya wakala wa forodha KRA, mamlaka ya mapato." Pia anahitaji kujua mambo ya kawaida yasiyo na siri yoyote: makaratasi gani, dhamana ya nini, mteja wa kwanza hutoka wapi. Sehemu kubwa ya kinachoitwa woga ni kutojua utaratibu tu.

Nikifikiri juu ya hukumu moja inavyoweza kumkalia mtu, namkumbuka Profesa Ali Mazrui, mwanazuoni wa siasa, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1933. Matokeo yake ya mtihani wa Cambridge School Certificate yalikuwa mabaya na Chuo cha Makerere, Uganda, kikamkataa. Alifanya kazi katika taasisi ya elimu ya Waislamu hapa mjini, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kisha akapata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. Shahada ya kwanza aliipata Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia mwaka 1961, ya udaktari Oxford mwaka 1966, na akaja kuwa profesa katika Makerere ileile iliyomkataa. Wengi humtaja kama mfano wa kipaji. Mimi naona jambo jingine pia: baada ya kukataliwa hakujificha mbali na elimu. Alibaki kwenye vitabu na watu wa vitabu, mahali ambapo uwezo wake ungeweza kuonekana. Kukaa chini ya fundi kunakupa hilo, hata kabla hajakufundisha chochote.

*Gharama.* Muda na utiifu, na mara nyingine ada. Wapo mafundi wanaomtumia mwanagenzi kwa kazi za kutumwa mwaka mzima. Wapo wanaolipindua lengo lako liwe lao. Kubalianeni mwanzoni: miezi mingapi, utafanya nini, utajifunza nini. Na kwa dada zangu neno hili nalisema bila kuzunguka: anayetaka kukusaidia kwa dhati hahitaji chumba kilichofungwa wala saa za usiku. Kutaneni mahali penye watu, nenda na mwenzako, na ukiona masharti ya ajabu ondoka. Lengo litapata mlango mwingine.

*Siku ya kuteleza.* Hapa ndipo njia hii inazishinda nyingine mbili. Fundi ameshaliona kosa lako kwa watu kumi kabla yako. "Hilo kila mtu hulifanya mara ya kwanza, lete nikuonyeshe" ni maneno yanayookoa miezi.

*Inamfaa nani.* Asiyejua pa kuanzia, anayejua lakini hajiamini, na mwenye lengo la ufundi au taaluma. Haimfai mwenye lengo la ndani sana, kama kuacha tabia fulani au kurudisha uhusiano na nduguye. Huko hakuna fundi. Vijana wa teknolojia na sanaa wanaweza kuanzia Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus; wa kazi za baharini waulizie Bandari Maritime Academy; wa ufundi wa mikono wazungukie gereji na karakana wakiwa na salamu nzuri na swali moja lililo wazi.

Mambo yanayoingia katika njia zote

Mwili ukitetemeka kabla ya usaili au kabla ya kumpigia mteja, usijilazimishe kutulia. Alison Wood Brooks alionyesha mwaka 2014 kwamba watu walioambiwa wajisemee kuwa wana hamu walifanya vizuri zaidi katika kuimba, kuhutubu na hesabu kuliko walioambiwa watulie. Moyo unaodunda kwa hofu na unaodunda kwa hamu haupishani sana.

Dua nayo haishindani na njia yoyote kati ya hizi. Nimewaona Waislamu wenzangu wakiswali istikhara, swala ya kumwomba Mungu mwongozo katika uamuzi, kisha wakasubiri ndoto miezi, hali masheikh hufundisha kwamba istikhara haihitaji ndoto: unaomba, unataka rai ya wenye kujua, unachukua hatua, na unaangalia njia inavyofunguka au kufungika.

Uchague ipi kwa hali yako

Ukiwa unaogopa watu na lengo ni jipya, anza kimya. Jiwekee tarehe ya kujikagua, na ikikupita mara mbili bila kazi kufanyika, mtafute mtu mmoja wa kumtolea hesabu. Mmoja tu.

Ukiwa unaogopa hasara, anza kimya vilevile, lakini kwa pesa ambayo ukiipoteza nyumba italala imekula. Jaribio likikuonyesha faida mara kadhaa, peleka daftari lako, si ndoto yako, kwa kikundi au kwa chama.

Ukiwa hujui pa kuanzia, usipoteze muda kwa daftari. Nenda kwa fundi. Kijana wa KCSE hahitaji kutangaza kitu; anahitaji mwalimu mmoja wa hesabu wa kumwonyesha mapengo yake yako wapi na namna ya kujisajili.

Ukiwa una ujuzi na sifa, na bado unajiona mdanganyifu, tafuta aliye mbele yako kwa hatua mbili au tatu. Aliye mbele yako kwa miaka thelathini ameshasahau hofu ya mwanzo.

Ukiwa umeanza mara kadhaa ukaacha, njia ya kimya umeshaipima. Jaribu kikundi cha watu watatu.

Ukiwa mama mwenye watoto wadogo, au unafanya kazi ya zamu, chagua njia inayokula muda kidogo hata kama si bora kwa hofu yako: mistari miwili ya mpango kwenye daftari, na ujumbe mmoja wa sauti kwa mwenzako kila Ijumaa. Huo ni mchanganyiko halali kabisa.

Na ukiwa hofu yenyewe imekunyima usingizi kwa wiki nyingi, chakula hakipiti, kifua kinabana bila sababu, au umeanza kuona heri usingekuwepo, weka malengo kando kwanza. Hakuna njia kati ya hizi tatu iliyotengenezwa kwa hali hiyo. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Pwani uombe kuonana na watu wa afya ya akili, au piga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Mwambie pia mtu mmoja wa nyumbani, leo, ili usiende peke yako.